Zimeni Injini, Ingieni Mnywe Chai



Jumamosi moja ya mwezi wa Novemba darasa langu lilikuwa linajifunza kuhesabu kwa ngeli. Mnajua wenyewe tabu yake. Mtoto akiambiwa ataje anachokiona, husema "miti mbili" na "magari tatu", na mwalimu hubaki na kalamu yake nyekundu mkononi. Nikaona siku hiyo tuache picha za kitabuni. Tulisimama dirishani, ghorofa ya kwanza, tukahesabu vitu vya kweli vilivyokuwa barabarani mbele ya lango letu.

Miti miwili. Mbwa mmoja. Watu wanane. Magari kumi na manne.

Kisha mtoto mmoja, ambaye hukaa nyuma na huongea kidogo, akauliza: "Mwalimu, mbona magari mengine yanatetemeka?"

Nikamwambia yanatetemeka kwa sababu injini zinawaka.

"Lakini hayaendi."

"Kweli, hayaendi."

"Basi yanafanya nini?"

Sikuwa na jibu zuri. Tukahesabu tena, safari hii yale yanayotetemeka tu. Yalikuwa tisa. La tatu kutoka langoni lilikuwa letu, na ndani yake alikuwemo baba watoto wangu, kiti amekilaza, kofia ameifunika usoni, redio inaimba. Darasa zima liliangua kicheko. Na mimi nilicheka. Aliyeuliza swali hakucheka. Mtoto huyo ana pumu, na inhela yake ya buluu hukaa kwenye mfuko wa mbele wa begi lake, pamoja na penseli. Saa ya kutoka hupita kando ya magari yale tisa kama wenzake wote, ila yeye hupita akiwa ameziba pua kwa mtandio.

Ninaandika haya kwa sababu ya swali lake. Maoni yangu ni mafupi: tukifika shuleni tuzime injini, sote, kila Jumamosi, hata kukiwa na baridi. Wala tusiishie langoni, kwa sababu moshi wa langoni ni sehemu tu ya moshi ambao wenye nao ni sisi wenyewe.

Vumbi lisiloonekana

Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. Tabu ya siku hizi ni kwamba moto upo na moshi upo, lakini macho hayauoni. Sehemu yake iliyo mbaya zaidi ni chembechembe laini sana ambazo wataalamu huziita PM2.5. Watoto wa hesabu, sikilizeni: hizi ni chembe zenye upana usiozidi maikromita 2.5, na maikromita moja ni milimita moja iliyogawanywa mara 1,000. Unywele wa kichwa chako una upana wa kama maikromita 70. Kwa hiyo hata chembe iliyo kubwa kabisa katika kundi hili ni nyembamba kuliko unywele wako karibu mara 30.

Vumbi la kawaida mwili unajua kulizuia. Kuna vinyweleo puani, kuna kamasi, kuna chafya. Chembe hizi hupita zote hizo. Huteremka mpaka kwenye vifuko vidogo vya hewa mwishoni mwa mapafu, pale damu inapochukua oksijeni, na zilizo ndogo zaidi huvuka zikaingia ndani ya damu yenyewe. Ndiyo maana madaktari wakizitaja hawazungumzii kikohozi na pumu peke yake, bali pia shinikizo la moyo na kiharusi. Na mtoto yumo hatarini kuliko mtu mzima: anapumua haraka zaidi, mapafu yake bado yanakua, na pua yake iko chini, karibu na bomba la moshi la gari.

Zinatoka wapi? Kwanza, kwenye kila kinachoungua: dizeli, petroli, kuni, mkaa, makaa ya mawe, hata mafuta yanayotoa moshi kwenye kikaango. Pili, kwenye msuguano. Breki zikibana na tairi likisugua lami, vinapukutisha unga mwembamba. Kwa hiyo gari la umeme, ingawa halina bomba la moshi na ni afadhali kwa mbali, nalo lina vumbi lake. Tatu, nyingine huumbika hewani. Gesi za magari na viwanda hukutana na amonia inayopanda kutoka kwenye mbolea na samadi mashambani, zikageuka chembe. Ndiyo sababu kuna siku za Machi na Aprili hewa ya London huchafuka hata kama magari hayakuongezeka: wakulima wametia mbolea, upepo ukaleta.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipunguza kiwango linachokishauri cha chembe hizi, kutoka maikrogramu 10 kwa kila mita moja ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa mwaka, hadi 5. Lengo la kisheria la hapa Uingereza ni kufika 10 ifikapo mwaka 2040. Mtoto aliye darasa la chekechea leo atakuwa amekaribia utu uzima ufikapo mwaka huo, na hata hapo lengo lenyewe litakuwa mara mbili ya kiwango kinachoshauriwa.

Mtoto wa Lewisham

Huenda wazazi wengi mmelisikia jina la Ella Adoo-Kissi-Debrah. Watoto wakubwa pia wanastahili kulijua. Alikuwa mtoto wa Lewisham, kusini mwa jiji hili letu, na nyumba yao ilikuwa karibu sana na barabara ya South Circular, ambayo tunaoendesha huko tunajua foleni yake. Alipata pumu kali, akawa analazwa hospitali mara kwa mara, na Februari 2013 alifariki. Alikuwa na umri wa miaka 9.

Mama yake, Rosamund, hakuridhika na maelezo ya kwanza. Aliuliza, akauliza tena, mpaka mahakama ikakubali uchunguzi ufanyike upya. Desemba 2020 afisa wa sheria anayechunguza vifo aliamua kwamba uchafuzi wa hewa ulichangia kifo cha Ella. Ilikuwa mara ya kwanza katika nchi hii kwa jambo hilo kutajwa rasmi kuwa miongoni mwa sababu za kifo cha mtu.

Simtaji mtoto huyu ili kuwatia watu hofu. Namtaja kwa jambo moja: katika uchunguzi ule ilielezwa kwamba mama hakuwa amepewa habari ambazo zingemwezesha kuchukua hatua. Hakujua. Sisi leo tunajua. Anayejua akanyamaza hana udhuru alionao asiyejua.

"Sisi tumekulia kwenye moshi"

Nilipolitaja jambo hili kwenye mkutano wa wazazi, mzee wetu mmoja alinijibu kwa upole: "Mwalimu, sisi tumelelewa na moshi. Jikoni kwa mama zetu ulikuwa huoni hata sufuria. Mbona tuko hapa?"

Shikamoo, mzee wangu. Na mimi nimekulia huko. Bibi yangu alipika kwa mafiga matatu na kuni za mkoko, na mapishi yake sijayapata tena popote. Lakini nakumbuka pia kikohozi chake. Kila alfajiri tulikisikia kabla ya kusikia adhana, na hakuna aliyekihusisha na jiko. Tulisema ni uzee. Alikuwa hajafika miaka sitini. Tuliopo hapa ndio tunaosema "tuko hapa". Wasiokuwepo hawana nafasi ya kujibu kwenye mkutano.

Mama mmoja alisema: "Kuna baridi, na nina mtoto mchanga kwenye gari." Hoja hiyo naiheshimu, na sitaki mtoto wa mtu apigwe na baridi. Lakini gari lililotoka safarini halipoi kwa dakika moja. Na tukumbuke kwamba magari yakipangana huku yote yanawaka, tundu la hewa la gari lako linavuta moshi wa lililo mbele yako. Mchanga aliye kiti cha nyuma hajajificha na moshi. Amekaa nao ndani ya kisanduku.

Mwingine aliuliza: "Kwa nini tuanze sisi? Serikali ifanye kazi yake." Hapa nakubali nusu. Serikali na halmashauri zina kazi ambayo hakuna mzazi anayeweza kuifanya. Kuanzia tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952, London hii ilifunikwa na moshi wa makaa ya mawe uliochanganyika na ukungu, watu wakawa hawaoni hatua chache mbele yao. Hesabu ya wakati ule ilikuwa watu kama 4,000 waliokufa. Watafiti wa baadaye wamesema huenda walifika 12,000. Mwaka 1956 ikaja sheria ya hewa safi, na majumba yakaanza kuacha makaa yenye moshi. Kwa hiyo sheria inaweza. Aliyekwambia hewa ya mji haibadiliki amesahau historia ya mji anaoishi.

Lakini sheria ina mipaka yake, na mpaka mmoja uko hapa langoni petu. Halmashauri nyingi za London siku hizi hufunga barabara zilizo mbele ya shule saa za watoto kuingia na kutoka. Hufanya hivyo siku za kazi. Sisi tunakodi jengo Jumamosi, na Jumamosi barabara ile iko wazi. Hakuna kizuizi, hakuna askari wa kuegesha, hakuna kamera. Kanuni za barabarani zinasema usiache injini ikiwaka bure gari likiwa limesimama, na tangu mwaka 2002 kuna kanuni zinazoruhusu halmashauri kutoza faini ya pauni 20 kwa kosa hilo. Kwetu hakuna anayekuja kutoza. Jumamosi watoto wetu hawana mlinzi mwingine isipokuwa mimi na wewe.

Nijue pia ninasema na nani. Wengi wetu hapa ni madereva wa teksi, wasafirishaji wa mizigo, wauguzi wanaotoka kazini alfajiri. Agosti 2023 ada ya magari machafu ilipotandazwa London nzima, pauni 12.50 kwa siku, zipo familia za shule hii zilizoumia kweli. Waliokuwa na gari kuukuu la dizeli hawakulinunua kwa kupenda moshi; ndilo walilolimudu. Sisemi maumivu hayo hayakuwepo. Ila najiuliza ni nani anayeishi kwenye vyumba vinavyotazama barabara kuu. Mara nyingi ni sisi haohao. Kuzima injini hakuhitaji kununua gari jipya. Kunahitaji kugeuza ufunguo, na kunakuokolea mafuta.

Ndani ya nyumba zetu

Nilisema tusiishie langoni. Sasa naingia sebuleni, na najua nitaulizwa nimetumwa na nani.

Nyumba zetu zina moshi wake, na mwingine tunaupenda. Siku ya Ijumaa, siku ya sikukuu, wageni wakija, chetezo huwashwa, udi ukafuka nyumba nzima, mpaka nguo za kabatini zikapata sehemu yake. Mimi mwenyewe bila udi sijioni kama nimekaribisha mgeni. Lakini nyumba ya pwani ilijengwa ipitishe upepo: baraza, ua, madirisha mawili yanayotazamana. Fleti ya hapa imezibwa kila ufa ili joto lisitoke. Kwetu moshi ule ulipita njia. Hapa haupati pa kutokea, na moshi wa udi, ubani na kile kidonge cha mkaa una chembe zilezile.

Sisemi tuache udi. Nasema tufungue dirisha wakati unafuka, tusifukize chumba anacholala mtoto, na penye mwenye pumu tufukize nguo mapema, kabla hajarudi. Tunapokaanga mandazi au sambusa tuwashe feni ya jikoni inayotoa moshi nje na tufunge mlango wa kuelekea vyumbani. Ladha haipungui hata chembe.

Na nyumbani kwetu tulikotoka

Wengi wetu tunatuma pesa nyumbani kila mwezi. Pesa hizo hulipa ada, dawa na paa la mabati. Mwisho wa siku, nyingi pia hununua mkaa. Tanzania mwaka 2024 ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, na lengo lake ni kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya wananchi wapikie nishati safi. Kazi ni kubwa, kwa sababu nyumba nyingi bado zinapikia kuni na mkaa.

Nilipompigia dada yangu nikamuuliza mbona bado anatumia seredani ilhali tulimnunulia jiko la gesi, alicheka. "Jiko lipo," alisema, "limefunikwa kitambaa. Gesi iliisha." Mkaa unanunuliwa kidogokidogo, kwa kopo, kwa pesa ya leo. Mtungi wa gesi unataka pesa nyingi kwa mara moja. Basi tatizo la dada yangu halikuwa elimu wala ukaidi. Lilikuwa siku ambayo mtungi unaisha na mfukoni hamna kitu. Tangu hapo tumepanga naye: pesa ya kujaza mtungi inatumwa peke yake, haichanganywi na nyingine. Naomba kila familia iulize swali hilohilo kwenye simu ya wiki hii. Usiulize "Mna jiko la gesi?" Uliza "Mtungi una gesi?"

Ninachoomba

Mambo ni manne, na hakuna linalohitaji kamati.

La kwanza: kuanzia Jumamosi ijayo, injini izimwe mara gari linaposimama mbele ya shule. Asiyependa kukaa kwenye baridi, ukumbi wa chini utakuwa wazi kuanzia saa nne asubuhi hadi watoto watoke. Chai ya tangawizi itakuwepo. Mwenye vitumbua alete. Mtoto mchanga atapata joto bila moshi, na ninyi wazazi mtapata kusalimiana, jambo ambalo kwa kweli tumeliacha. Tunawaleta watoto waje kuzungumza Kiswahili, halafu sisi wenyewe tunakaa kila mtu kwenye gari lake na simu yake.

La pili: mwenye uwezo wa kuegesha mbali kidogo, kwenye mtaa wa nyuma, afanye hivyo, mtembee na mtoto dakika tano. Njiani muulize: miti mingapi? Mbwa wangapi?

La tatu: tuiandikie halmashauri kama shule, tukiuliza kama barabara yetu inaweza kufungwa na Jumamosi pia kwa saa zile mbili. Wanafunzi wa darasa la juu wataandika barua kwa Kiswahili, kisha wazazi watawasaidia kuifasiri. Diwani akipokea barua mbili badala ya moja, atajua kwamba hapa kuna watu.

La nne ni la watoto. Mkiona gari linatetemeka na haliendi, msimkaripie mtu mzima. Nendeni kwa heshima, mwamkieni, kisha mseme: "Samahani mjomba, injini yako bado inawaka." Mkisema hivyo kwa Kiswahili sanifu, sidhani kama yuko mjomba wa shule hii atakayeweza kukataa.

Baba watoto wangu ameshaambiwa. Aliambiwa siku ileile, na binti yake, kabla mimi sijafungua kinywa. Jumamosi iliyofuata nilichungulia dirishani. Gari letu lilikuwa limetulia kimya, na yeye alikuwa amesimama chini ya mti, mikono mfukoni, anapiga soga na mzee wetu wa mkutanoni. Nyuma yao bado magari matano yalikuwa yanatetemeka.

Darasa lilihesabu. "Matano, mwalimu," yule mtoto wa nyuma akasema, na ngeli aliipatia. "Yamebaki matano."